Japani: nani awe mzimu, nani awe zimwi

Mwaka 1868 serikali mpya ya Japani ilikuwa na mengi ya kushughulikia. Shogun, mtawala wa kijeshi, alikuwa ameng'olewa madarakani, kaskazini mashariki vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa bado vinaendelea, na vijana waliokamata dola walikuwa na haraka ya kujenga nchi yenye reli, viwanda na jeshi la kisasa. Katikati ya haraka hiyo Kaizari Meiji, kijana wa miaka 15, alituma mjumbe hadi Sanuki, kisiwani Shikoku, kwenda kumwomba radhi mtu aliyekufa mwaka 1164.

Marehemu huyo alikuwa kaizari mwenzake, Sutoku. Baba yake alimlazimisha kuachia kiti akiwa bado kijana. Mwaka 1156 alijaribu kurudi kwa nguvu, akashindwa na ndugu yake, akapelekwa uhamishoni Sanuki, asiione tena Kyoto. Simulizi za vita za zama zile zinaeleza kwamba huko alinakili vitabu vitakatifu vya Kibudha kwa mkono wake mwenyewe, akavipeleka mji mkuu viwekwe hekaluni kama toba. Ikulu ikavirudisha, ikihofu kuwa ameshavitia laana. Hapo, kwa mujibu wa simulizi, Sutoku aliung'ata ulimi, akaandika kiapo kwa damu kwamba atageuka shetani mkuu wa Japani, amshushe kaizari awe raia na kumpandisha raia awe mtawala. Akaacha kukata nywele na kucha mpaka anaingia kaburini. Mwaka 1177 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Kyoto, na mwaka huo huo ikulu ikampa marehemu jina la heshima, hilo la Sutoku tunalomwita nalo. Haikupita miaka mingi samurai wakatwaa madaraka, wakakaa nayo karibu miaka 700.

Ukiyatazama hayo ukiwa umesimama mwaka 1868, hesabu yao inaeleweka. Samurai ndiyo kwanza wamewekwa kando, kaizari anarudishiwa mamlaka, na yule anayeaminika kuyaondoa mamlaka hayo kwa kiapo cha damu bado yuko Sanuki, hajaombwa radhi ipasavyo. Wakamrudisha Kyoto kwa heshima zote na kumpa hekalu, Shiramine Jingu. (Kiwanja chenyewe kilikuwa cha ukoo wa Asukai, mabingwa wa mchezo wa kale wa kupiga mpira kwa mguu, ndiyo maana siku hizi hekalu la mwenye laana kuu kuliko zote hujaa wanasoka wanaoomba ushindi. Mwenyewe sijui anaionaje hiyo.)

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamewafahamu viumbe wa Japani kupitia katuni, na katuni huwaleta wote kwa mkupuo: mbweha wa mikia tisa, oni mwenye pembe na rungu la chuma, kappa wa mtoni mwenye maji utosini, mwanamke wa nywele ndefu asiye na miguu. Ukikaa nao kwa muda unaona kwamba wamegawanyika. Wapo wanaobembelezwa na wapo wanaochinjwa. Mzimu hujengewa hekalu, hupewa cheo, husomewa dua. Zimwi hupelekewa shujaa mwenye upanga. Nami nashikilia kwamba kilichoamua nani aangukie kundi gani hakikuwa ukali wa kisasi chake wala idadi ya watu aliowaua. Kilikuwa nafasi yake alipokuwa hai, na ukaribu wake na wale waliomdhulumu.

Chukua kesi inayojulikana kuliko zote, ya Sugawara no Michizane. Alizaliwa mwaka 845 katika ukoo wa wasomi, akapanda kwa kalamu hadi kufikia uwaziri wa kuume mwaka 899. Wakubwa wa ukoo wa Fujiwara walikereka, maana vyeo vile walishaviona ni mali ya nyumba yao. Mwaka 901 Fujiwara no Tokihira, waziri wa kushoto, alimpenyezea Kaizari Daigo fitina kwamba Michizane anapanga njama dhidi ya kiti. Msomi akatupwa Dazaifu, kisiwani Kyushu, kwa cheo cha jina tu, akafa huko mwaka 903.

Kisha deni likaanza kudaiwa. Tokihira alikufa mwaka 909, hata miaka 40 hajafika. Mwaka 923 akafa mrithi wa kiti, ambaye alikuwa mtoto wa Daigo na mpwa wa Tokihira. Ikulu ikaharakisha kumrudishia marehemu cheo chake, lakini haikutosha. Mwaka 930, wakubwa wakiwa wamekusanyika kujadili ukame, radi ilipiga ukumbi wa Seiryoden ndani ya ikulu yenyewe na kuua watu. Daigo akaugua, naye akafa mwaka huo huo. Mwaka 947 hekalu la Kitano likasimama Kyoto kwa ajili ya Michizane, na mwaka 993, akiwa na miaka 90 kaburini, akapandishwa kuwa waziri mkuu, cheo cha juu kabisa serikalini.

Leo ndiye mungu wa elimu. Msimu wa mitihani ya kuingia vyuo ukifika, wanafunzi hununua vibao vidogo vya mbao kwenye mahekalu yake, wakaandika chuo wanachokitaka na kitivo, wengine hadi namba ya mtihani ili maombi yasimwendee mtu mwingine, kisha wakavitundika juu ya vya wenzao mpaka fremu inaelemewa. Aliyeogopwa kwa radi anaombwa alama za hisabati.

Watu husifu mambo haya kuwa ni heshima ya Wajapani kwa wafu, na sikatai. Ila naona pia jinsi yalivyo rahisi kwa walio hai. Cheo cha marehemu hakina mshahara, hakina sauti barazani, hakimnyang'anyi mtu kiti. Ukoo wa Fujiwara, baada ya kumtuliza Michizane, uliendelea kuozesha mabinti zake kwa makaizari na kuitawala nchi kwa zaidi ya karne nzima. Aliyefidiwa alikuwa maiti, na waliofidia hawakutoa chochote walichokuwa wanakihitaji.

Hata hivyo kuna upande mmoja wa mila hiyo unaonifanya nisiibeze. Mwaka 863, wakati maradhi ya kifua yalikuwa yanaua watu Kyoto, ikulu ilifungua bustani yake ya Shinsen'en kwa watu wa kawaida, ikasomesha vitabu vitakatifu, ikaleta muziki na michezo, kwa ajili ya kutuliza mizimu ya watu sita. Wote sita walihusishwa na njama au uasi. Mmoja wao alikuwa Mwanamfalme Sawara, aliyekamatwa mwaka 785 na kufa njaa akiwa njiani kwenda uhamishoni. Kaka yake, Kaizari Kanmu, aliishia kumpa cheo cha ukaizari baada ya kufa. Serikali ilisimama mbele ya raia wake, ikataja majina ya wafungwa wake wa kisiasa, ikakubali kwamba nchi inaugua kwa sababu yao. Serikali za leo zenye ujasiri wa namna hiyo ni chache, pamoja na tume zote tulizonazo.

Wakati huo huo walikuwapo walioshindwa ambao hakuna aliyewafungulia bustani.

Kumbukumbu za kifalme za karne ya 8 zinawataja watu walioitwa tsuchigumo, wenyeji wa sehemu mbalimbali waliokataa kuwa chini ya watawala wa Yamato, dola ya makaizari. Walikuwa na viongozi wao na maeneo yao, wakapigwa, wakaisha. Karne kadhaa baadaye tsuchigumo anarudi katika michoro na tamthilia akiwa buibui mkubwa mwenye kutega watu kwa utando, naye Minamoto no Yorimitsu, jemadari wa ikulu, anamkata kwa upanga. Waliouawa walikuwa binadamu, aliyebaki katika hadithi ni mdudu. Hakuna aliyeota radi yao, na hakuna kaizari aliyelala na wasiwasi juu yao, kwa sababu hawakuwahi kukaa naye meza moja.

Yorimitsu huyo huyo ndiye aliyetumwa Mlima Oe kummaliza Shuten-doji, mkubwa wa oni wote. Naomba tukae kidogo kwenye mauaji hayo, maana walioyasimulia hawakuficha kitu. Shujaa na watu wake walivaa mavazi ya watawa wa milimani, wakabeba pombe ya mchele iliyotiwa dawa, wakabisha hodi kama wasafiri waliopotea. Oni akawapokea. Akawakalisha, akawaandalia, akanywa nao, na pombe ilipomkolea akaanza kuwasimulia maisha yake: kwamba zamani aliishi Mlima Hiei, mpaka alipokuja mtawa Saicho kujenga monasteri yake, akamfukuza, na tangu hapo amekuwa akitangatanga kutoka mlima hadi mlima. Wageni wakamsikiliza. Alipolala wakamfunga na kumkata kichwa. Katika tamthilia ya noh inayosimulia kisa hiki, oni anapiga kelele kwamba aliamini watawa hawasemi uongo, na kwamba oni hawana hila kama hiyo. Kichwa kikaruka na kuing'ata kofia ya chuma ya Yorimitsu.

Ndiyo, Shuten-doji alikuwa anateka mabinti wa Kyoto na kula nyama za watu, simulizi halimsafishi. Lakini Michizane naye aliua watu, tena ndani ya ikulu. Mmoja akapandishwa cheo na mwingine akanyweshwa dawa. Huko Oinosaka, magharibi mwa Kyoto, kuna hekalu dogo linalosemekana kuwa ndipo kilipozikwa kichwa cha oni huyo, na watu humwendea kuombea maradhi ya kichwa. Sijapata kusikia cheo kilichotoka ikulu kumfuata pale.

Mfumo huu ulikuja kutumika tena wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Momotaro, mtoto aliyezaliwa ndani ya pichi akaenda na mbwa, nyani na ndege kuvamia kisiwa cha oni na kurudi na hazina yao, alifaa kabisa kwa propaganda. Katika filamu ya katuni ya jeshi la majini iliyotoka mwaka 1945, maofisa wa Kiingereza wanaosalimu amri mbele yake wana pembe kichwani. Mwandishi Akutagawa Ryunosuke alikuwa ameshakigeuza kisa hicho miaka 21 kabla: kwenye toleo lake oni wanaishi kwa amani, wanacheza ngoma na kulea wajukuu, na anayevamia, kuua na kupora ni Momotaro. Mwaka 1924 mtu alihitaji roho ngumu kuandika hivyo.

Kama kuna mtu anayeonyesha wazi kwamba orodha ya mizimu iko mikononi mwa serikali, ni Taira no Masakado. Aliasi katika eneo la Kanto, mashariki mwa nchi, mwaka 939, akajiita kaizari mpya, akauawa mwaka 940, na kichwa chake kikatundikwa Kyoto. Watu wa mashariki, ambako leo ni Tokyo, hawakumsahau. Walimweka katika hekalu la Kanda Myojin na kumhesabu mlinzi wa mji. Mwaka 1874 serikali ya Meiji, ile ile iliyokwenda Sanuki na maombi miaka sita nyuma, ilimwondoa Masakado kwenye nafasi yake hekaluni, kwa kuwa mwasi dhidi ya kaizari hafai kuabudiwa pale ambapo kaizari anapita. Alirudishwa mwaka 1984. Kaburi la kichwa chake halikuwahi kuondoka: liko Otemachi, katikati ya makao makuu ya mabenki na makampuni, kwenye ardhi ambayo kila mita yake ni utajiri. Baada ya tetemeko la mwaka 1923 Wizara ya Fedha iliweka ofisi za muda juu yake. Waziri Hayami Seiji akafariki mwaka 1926, maofisa wengine nao wakafariki, minong'ono ikaanza, na wizara ikaondoa jengo na kufanya tambiko. Wizara ya Fedha, jamani, ambayo kazi yake ni kuhesabu.

Tukishuka kutoka kwa wakubwa, mambo yanabadilika. Wakati wa utawala wa shogun huko Edo, Tokyo ya leo, mzimu unaowatisha watu ni mwanamke, na madai yake yako nyumbani. Mke wa wakati ule hakuwa na njia ya kujitoa kwenye ndoa kwa uamuzi wake. Mume aliandika talaka ya mistari mitatu na nusu, mambo yakaisha. Mke asiyepewa karatasi hiyo aliweza kukimbilia hekalu kama Tokeiji la Kamakura na kukaa huko kwa muda uliowekwa, basi. Kwa hiyo Oiwa alipopanda jukwaani mwaka 1825, katika tamthilia ya kabuki ya Tsuruya Nanboku wa Nne, alikuwa na kesi isiyo na mahakama.

Mume wake, Iemon, ni samurai asiye na bwana, anayepata riziki kwa kutengeneza miavuli. Oiwa ametoka kujifungua na ni dhaifu. Jirani tajiri anamtaka Iemon amwoe mjukuu wake, hivyo anamtumia mzazi dawa ya kumtia nguvu. Ni sumu ya kuharibu uso. Oiwa anaipokea kwa shukrani, anainama kuelekea nyumba ya jirani, anaumimina unga wote kinywani asiache hata chembe. Baadaye anaonyeshwa kioo. Anaamua kwenda kwa jirani "kutoa shukrani," na mwanamke wa heshima hatoki bila kujiweka sawa, basi anaketi kuchana nywele. Nywele zinatoka na kitana, fungu kwa fungu, na lundo linazidi kukua kuliko kichwa chochote kingeweza kubeba, kwa sababu chini ya jukwaa kuna mtu anayezisukuma kupitia tundu. Anazikamua, damu inadondoka. Katika sanaa zote za kutisha ninazozijua hakuna tukio linalonikaa zaidi ya hili, na Oiwa hapo hajawa mzimu bado. Ni mke anayejiandaa kutoka.

Kilichonasa zaidi ni mpangilio wa onyesho lile la kwanza. Liligawanywa kwa siku mbili likichanganywa na Chushingura, kisa cha samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao, kilele cha utii wa Kijapani. Iemon ameandikwa kuwa alikuwa mtumishi wa nyumba ya bwana huyo huyo. Mtazamaji alitoka kuwalilia mashujaa wa utii, akaletewa mwenzao akiwa nyumbani na mke wake. Nanboku hakuhitaji kuongeza hotuba.

Oiwa hakupewa cheo. Anaombwa radhi, kweli: waigizaji wana desturi ya kwenda kumtembelea Yotsuya, mtaa wa Tokyo, kabla ya kucheza kisa chake, wakihofia ajali jukwaani. Ni hofu ya watu wa sanaa, na hakuna shogun aliyewahi kusomesha kitabu kitakatifu kwa ajili ya wake waliopewa sumu.

Chini yao wote wako watoto. Mwaka 1910 Yanagita Kunio alichapisha hadithi alizosimuliwa na Sasaki Kizen, mzaliwa wa Tono katika mkoa wa Iwate, na kati yake yumo zashiki-warashi, mtoto asiyeonekana vizuri anayekaa katika chumba cha wageni cha nyumba kubwa. Akiwepo, familia inastawi. Akiondoka, imekwisha. Kuna kisa cha nyumba moja ambayo watu waliwaona wasichana wawili wageni wakiiacha. Haukupita muda, familia nzima ikala uyoga wenye sumu na kufa, akabaki mtoto mmoja wa kike aliyekuwa nje akicheza. Sasaki mwenyewe alikuja kukihusisha kiumbe hiki na watoto wachanga waliouawa na wazazi wakati wa njaa, ambao hawakuzikwa makaburini kama watu wengine bali chini ya sakafu ya nyumba au kwenye chumba cha udongo. Kaskazini mashariki ilipigwa na njaa kubwa miaka ya 1780 na tena miaka ya 1830, kwa hiyo hesabu ya watoto hao haiwezi kuwa ndogo. Mizimu yao haiui na haidai chochote. Inachoweza ni kuhama nyumba.

Wanyonge walijua kwamba upande wao ni ule wa mazimwi, na mara moja moja walikubali jina hilo. Mwaka 1843 mchoraji Utagawa Kuniyoshi alitoa picha ya vipande vitatu: Yorimitsu amelala mgonjwa, walinzi wake wanacheza mchezo wa ubao, na nyuma yao buibui tsuchigumo anatandaza giza lililojaa jeshi la mazimwi. Edo ilikuwa chini ya amri kali za Mizuno Tadakuni, mshauri mkuu wa shogun, aliyebana starehe, mavazi, maonyesho na biashara ndogo ndogo. Watu wakaitazama picha wakamwona shogun ndiye aliyelala, na kila zimwi wakalipa jina la kundi lililoumizwa na amri fulani. Picha ilinunuliwa kwa fujo hadi mchapishaji akaogopa, akaikusanya na kuharibu vibao vyake. Hapo tsuchigumo, baada ya karne nyingi za kukatwa na Yorimitsu, alikuwa upande wa watazamaji.

Nisije nikaonekana ninasema kila kiumbe wa Japani ni mtetezi wa haki. Katika eneo la Izumo kulikuwa na familia zilizosemwa kumiliki mbweha wasioonekana, wanaowaibia majirani na kuwaingia wagonjwa. Hazikuolewa wala kuoa nje ya wenzao, vizazi na vizazi, na mara nyingi waliotuhumiwa ni wale waliotajirika karibuni. Huko mbweha alifanya kazi ya wivu wa kijiji. Ndiyo maana siungani na wanaomlaumu Inoue Enryo, mwanafalsafa aliyeanzisha mwaka 1887 shule ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Toyo, kisha akazunguka Japani nzima akieleza kwa saikolojia na fizikia kwa nini ungo unaojongea wenyewe unasukumwa na vidole vya wanaougusa. Watu walimwita Daktari Yokai, yaani Daktari wa Mazimwi. Familia za Izumo zilihitaji madaktari kama yeye wengi zaidi.

Linalonikera ni jingine. Mwaka 1873 serikali ilipiga marufuku waganga wa vijijini waliokuwa wakiita roho za wafu, kwamba ni upotoshaji wa umma. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu mjumbe asimame mbele ya kaburi la Sutoku. Mama wa kijijini aliyetaka kusikia neno kutoka kwa mwanawe alikuwa mshirikina. Kaizari aliyemwogopa babu yake alikuwa anatimiza wajibu wa kitaifa.

Siku hizi wanaosimamia mizimu ni wizara nyingine. Oktoba 2021 Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ilitoa mwongozo kwa madalali wa nyumba: kama ndani ya nyumba ya kupanga mtu aliuawa, alijiua, au alikufa peke yake akakaa hadi ikabidi kuleta wasafishaji maalumu, mpangaji mpya aambiwe, kwa muda wa takriban miaka 3. Baada ya hapo dalali hawajibiki kusema asipoulizwa. Nyumba hizo hukodishwa kwa bei ya chini na wapo wanaozitafuta makusudi. Mzee aliyekufa bila mtu wa kumgongea mlango, basi, mzimu wake una tarehe ya kuisha na thamani yake ni punguzo la kodi. Sutoku alidumu miaka 704.

Baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, madereva wa teksi wa jiji la Ishinomaki walimsimulia mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akifanya utafiti wake kuhusu abiria wa ajabu. Mmoja alisema alimchukua mwanamke aliyevaa koti zito wakati wa joto, akaomba apelekwe Minamihama. Dereva akamwambia kule hakuna kitu tena. Mwanamke akauliza kama yeye amekufa, na dereva alipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Mita ilikuwa imeshawashwa, kwa hiyo nauli akalipa dereva kutoka mfukoni mwake. Madereva hawa hawakuzungumza kama watu waliotishwa. Walisema wakisimamishwa tena watasimama. Hao ni wafu wasiomdai mtu, na wanaowapokea ni watu wa hali yao wenyewe, hakuna mkubwa anayehitaji kujisafisha kwao.

Jijini humo humo kulikuwa na wafu waliokuwa na wa kumdai. Katika Shule ya Msingi Okawa wanafunzi walikaa uwanjani takriban dakika 50 baada ya tetemeko, kilima kikiwa nyuma ya shule. Kati ya wanafunzi 108, 74 walikufa au hawakuonekana tena, pamoja na walimu 10. Walifanyiwa ibada, wakawekewa minara ya kumbukumbu, wakubwa wakainama mbele ya picha zao. Wazazi wa watoto 23 wakasema hayo hayatoshi, wakaenda mahakamani dhidi ya jiji la Ishinomaki na mkoa wa Miyagi. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Sendai ilisema kosa lilianza kabla ya siku ya tsunami: mpango wa dharura wa shule haukutaja mahali pa kukimbilia panapofaa, na bodi ya elimu haikuukagua. Jiji na mkoa viliamriwa kulipa takriban yen bilioni 1.4, vikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa hiyo.